Njia ya Maji

Methali niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko zote katika maisha yangu ya ualimu ni ile isemayo, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nimewapa wanachuo waiandikie insha, nimeitumia katika hotuba za mahafali, na nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nimewahi kuitumia hata kumkaripia mhasibu. Ni methali nzuri na sina nia ya kuikana. Ila nina kisa nayo, na kisa chenyewe nimekielewa uzeeni, nikiwa nimepiga magoti ndani ya shimo lililo nje ya dirisha la nyumba ya binti yangu huko Chicago, Marekani.

Nilikuwa nimekwenda kumtembelea kwa miezi mitatu. Msomaji ambaye hajafika kule apaswa kujua kwamba nyumba nyingi za Chicago zina orofa nzima chini ya ardhi. Asili yake ni baridi. Wakati wa kipupwe ardhi huganda, na wajenzi wa huko huhesabu kina cha kama futi tatu na nusu. Maji yaliyo udongoni yakiganda hutanuka na kuinua kila kilicho juu yake, kwa hiyo msingi sharti ushuke chini ya kina hicho. Mtu akishachimba kiasi hicho huona afadhali aongeze kidogo apate chumba. Lakini chumba hicho chahitaji mwanga, na dirisha lake liko chini ya usawa wa uwanja. Basi nje ya dirisha huchimbwa shimo lenye umbo la nusu mwezi, likakingwa kwa bati nene la migongo ili udongo usiporomoke. Humo huingia jua, na hewa, na majani ya miti, na bahati ikiwa mbaya, maji.

Mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa akilala katika chumba hicho. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei ilinyesha mvua ya radi kama ya masika ya kwetu. Alfajiri nilimsikia akipanda ngazi, na akaniambia kwa sauti ya mtu aonaye fahari, "Babu, shikamoo. Njoo uone, dirisha langu limekuwa tangi la samaki."

Kweli lilikuwa hivyo. Maji ya kahawia yalikuwa yamefika nusu ya kioo, majani yakielea, na chini ya fremu yalikuwa yakipenya polepole, bila kelele, yakishuka ukutani hadi kwenye zulia. Mama yake akamhamishia kwenye kochi la sebuleni.

Nikiwa mzee wa nyumba niliulizwa ushauri, na bila kufikiri nilitoa ule niliozoea. Tuzibe. Tulitoe dirisha, tujenge tofali mahali pake, tujaze shimo udongo, maneno yaishe. Mkwe wangu aliafiki papo hapo, akaanza kuuliza bei ya tofali. Binti yangu ndiye aliyekataa. Alisema, "Baba, hilo si dirisha la kutazamia nje. Ndiyo njia yake siku ya moto."

Akanieleza. Chumba cha kulala kilichoko chini ya ardhi kina mlango mmoja, na mlango huo huelekea kwenye ngazi. Nyumba ikishika moto, ngazi huwa dohani la moshi. Kwa sababu hiyo kanuni za ujenzi za Marekani zinataka chumba cha namna hiyo kiwe na dirisha ambalo mtu aweza kupita: kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni, na shimo la nje litokeze angalau inchi 36 kutoka ukutani, ili mtu, au zimamoto aliyebeba mitungi yake mgongoni, apate pa kujigeuza. Shimo likizidi inchi 44 kwenda chini, liwekewe ngazi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimependekeza kumfungia mjukuu wangu njia ya uhai, na nilikuwa nimesema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye hekima.

Basi shimo halikuweza kuzibwa, wala halikuweza kuachwa lijae. Lililobaki ni kuyapa maji njia nyingine.

Fundi aliyekuja kukagua alitaja bei iliyomfanya mkwe wangu aketi, na katika maelezo yake alirudia mara kadhaa jina la mfereji ambao mimi nililisikia kuwa ni "mfereji wa Kifaransa". Nikadhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba ni ufundi uliotoka Ufaransa. Kwa kuwa mzee aliyestaafu ana muda kuliko fedha, nilikwenda maktaba, na huko nikakutana na mtu ambaye tangu hapo namhesabu kuwa mwenzangu kazini.

Jina lake ni Henry Flagg French. Hakuwa Mfaransa. Alizaliwa mwaka 1813 katika jimbo la New Hampshire, akawa mwanasheria, kisha hakimu. Hakimu huyu alikuwa mpenzi wa kilimo, na kilichomkera zaidi ni maji yasiyokuwa na pa kwenda. Mwaka 1859 alichapisha kitabu kiitwacho Farm Drainage, juu ya kutoa maji mashambani. Ndani yake mna sura nzima juu ya vyumba vya chini ya nyumba vinavyoingia maji, na madhara yake kwa afya ya wakazi. Ufundi aliouhimiza ulikuwa umeshatumiwa na wakulima wa Ulaya. Alichofanya yeye ni kuukusanya, kuupima na kuuandika kwa lugha ambayo mkulima wa kawaida angeielewa. Hiyo ndiyo kazi ya ualimu, na sioni haya kusema kwamba wengi wetu hatujawahi kugundua kitu kingine zaidi ya namna ya kueleza.

Ufundi wenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Chimba mtaro wenye mteremko. Tandaza humo mawe au mabomba mafupi ya udongo wa kuchoma, yakae kichwa kwa kichwa bila kuunganishwa, kisha fukia. Maji ya ardhini hufuata mahali palipo rahisi. Yakikuta mwanya kati ya mawe, huacha kusukuma ukuta na kuingia mtaroni, yakaenda zake. Siku hizi bomba ni la plastiki lenye matundu, limevikwa kitambaa cha kuzuia udongo na kuzungukwa na kokoto, lakini kanuni ni ileile ya 1859.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba French alikuwa mkuu wa chuo. Mwaka 1864 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Kilimo cha Massachusetts, ambacho baadaye kilikua kikawa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst. Akaingia katika ugomvi juu ya mpango wa majengo, akajiuzulu mwaka 1866, mwaka mmoja kabla wanafunzi wa kwanza hawajaingia darasani. Mkuu wa chuo aliyeondoka bila kumfundisha mwanafunzi hata mmoja! Kila aliyewahi kuketi katika kikao cha bodi ya chuo atamwonea huruma. Alimalizia utumishi wake katika wizara ya fedha ya Marekani, akafariki mwaka 1885.

Mwanawe, Daniel Chester French, alikuwa mchongaji. Ndiye aliyebuni ile sanamu kubwa ya Abraham Lincoln aliyeketi kitini, pale Washington, katika jengo la kumbukumbu lililozinduliwa mwaka 1922. Mamilioni ya watu huenda kuitazama na kupiga picha. Kazi ya baba imefukiwa kandokando ya nyumba nyingi nchini mwao, na wanaoitaja hudhani ni ya Wafaransa.

Kabla yake alikuwapo mkulima mmoja kutoka Scotland, John Johnston, aliyehamia karibu na mji wa Geneva katika jimbo la New York mwaka 1821. Shamba lake lilikuwa la mfinyanzi mzito uliotuamisha maji. Mwaka 1835 aliagiza kutoka kwao mifano ya mabomba ya udongo, akamtafuta mfinyanzi wa karibu amtengenezee, na mwaka 1838 akaanza kuyazika shambani. Inasimuliwa kwamba majirani walimcheka, wakisema Johnston anafukia vyungu. Kufikia 1851 alikuwa amezika maili 16 za mabomba katika shamba la ekari 320, na ngano yake ikawanyamazisha.

Naona nimewasifu sana watu wa mashambani. Tuingie mjini, kwa kuwa Chicago yenyewe ndiyo darasa kubwa la somo hili.

Mji ule umejengwa juu ya mfinyanzi, mahali tambarare, futi chache tu juu ya usawa wa ziwa Michigan. Katika miaka yake ya mwanzo mvua ikinyesha maji yalibaki pale yalipoangukia, yakichanganyika na ya vyooni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 1,400. Mwaka uliofuata mji uliajiri mhandisi kutoka Boston, Ellis Chesbrough, naye akakabiliwa na swali gumu: utachimbaje mfereji wenye mteremko mahali pasipo na mteremko? Jibu lake ni la ajabu. Aliweka mabomba ya maji machafu juu ya ardhi, katikati ya barabara, akayafukia, na barabara mpya ikapita juu yake. Kwa kuwa barabara sasa zilikuwa juu kuliko milango, mji wote ulipaswa kuinuliwa.

Nao wakauinua. Mwaka 1860 mtaa mzima wa maduka ya mawe na matofali katika barabara ya Lake, wenye uzito uliokadiriwa kuwa tani 35,000, ulinyanyuliwa kwa jeki 6,000 zilizozungushwa na watu 600. Kwa siku tano ulipanda futi nne na inchi nane, na maduka hayakufungwa. Wateja waliingia na kutoka kama kawaida.

Lakini si kila mtu alikuwa na fedha za jeki. Jumamosi moja binti yangu alinipeleka kwenye kitongoji kiitwacho Pilsen, tukatembea. Huko zipo nyumba ambazo bustani zake ziko chini ya njia ya waendao kwa miguu. Unasimama barabarani unatazama chini kwenye ua wa mtu, kama atazamaye kisimani. Barabara ilipandishwa, nyumba ikabaki. Chumba kilichokuwa cha mbele kikageuka chumba cha chini, na kidaraja kidogo kikajengwa kutoka barabarani hadi orofa ya pili. Nilisimama pale muda mrefu. Hicho ndicho kilichokuwa kikimpata mjukuu wangu: nchi ya nje ilikuwa juu kuliko dirisha lake.

Maji ya Chesbrough yalikwenda mtoni, mto ukaenda ziwani, na ziwa ndilo lililokuwa kisima cha mji. Kwa hiyo tarehe 2 Januari 1900 walifungua mfereji mkubwa ulioufanya mto urudi nyuma, utiririke kutoka ziwani kuelekea mto Mississippi. Watu wa Missouri, walio chini ya mkondo, walikimbilia mahakamani, na mwaka 1906 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaambia kesi yao haina ushahidi wa kutosha. Kumpa jirani maji yako machafu ni jambo la zamani sana. Hata sisi, tulipopanga pa kupeleka maji ya paa, jambo la kwanza lililotujia akilini lilikuwa ukuta wa jirani. Alikuwa amesafiri.

Hayo hayakuwa mwisho. Mji uliendelea kutumia bomba moja kwa maji ya mvua na ya vyooni, na mvua kubwa ikija bomba hujaa, maji yakarudi kwenye vyumba vya chini. Mwaka 1975 walianza kuchimba mahandaki ya kuyahifadhi maji hayo kwa muda, mengine yakiwa na kina cha futi 300. Mahandaki yenyewe, maili 109, yalikamilika mwaka 2006, na mabwawa yake yalikuwa bado yakijengwa miaka mingi baadaye. Na baada ya kazi hiyo yote, konzi chache za majani makavu zilitosha kumtoa mtoto kitandani.

Sasa nifike kwenye kisa changu.

Chuo nilichokiongoza kilikuwa milimani, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na jengo la ofisi lilikuwa limechimbiwa katika mteremko. Ukuta wa nyuma wa stoo ya kumbukumbu uliegemea kilima. Kila masika ulitokwa na jasho. Nikaita mafundi, wakabandua lipu ya zamani, wakapiga mpya yenye saruji nyingi, wakapaka rangi. Msimu uliofuata rangi ikavimba kama malengelenge. Tukarudia. Mtunza bustani wetu, mzee ambaye hakuwa na cheti chochote, alinifuata siku moja ofisini, kofia mkononi, akasema, "Mkuu, maji haya hayataki kuzuiwa. Yanataka njia. Nipe vijana wanne kwa wiki moja, nichimbe mtaro huko juu, nyuma ya ukuta, tujaze mawe."

Nilimshukuru. Nikamwambia bajeti haikuwa na fungu la mitaro. Fungu la saruji lilikuwapo. Na siku hiyohiyo, Mungu anisamehe, niliitumia ile methali katika paredi ya asubuhi, nikitolea mfano juhudi za chuo za kuziba nyufa za stoo.

Sikujua hesabu ambayo nilipaswa kuijua. Maji yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita moja, kila mita ya mraba iliyo kwenye kina hicho husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 1,000. Lipu ninayoibandika kwa ndani haishindani na nguvu hiyo. Inasukumwa kutoka nyuma kama ganda. Kadiri nilivyoziba vizuri ndivyo maji yalivyopanda nyuma ya ukuta. Zilipokuja mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, ukuta ulilala ndani usiku mmoja, na kilima kikaufuata. Hakuna aliyeumia. Tulipoteza mafaili ya wanachuo wa miaka kumi na minane.

Serikali ilitoa fedha, tukajenga ukuta mpya. Naam, niliziba ufa na ukuta nikajenga pia. Safari hiyo mtaro ulichimbwa, lakini mzee yule alikuwa ameshastaafu na kurudi kijijini kwake, wala sikumwandikia.

Miaka kadhaa baadaye alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amesafiri siku mbili kwa basi. Alikuwa akishughulikia mafao yake, cheti chake kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba, na alitaka nakala ya kumbukumbu zake za chuo. Nilimkumbuka vizuri, alikaa safu ya mbele. Nikampeleka stoo, nikamwonyesha rafu mahali ambapo faili lake lingekuwa. Nilichoweza kumpa ni barua yenye mhuri, kwamba mimi nilimfundisha. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Ahsante, Mwalimu," na akauliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi.

Basi niliposhika sururu pale Chicago, sikuwa nachimba kwa ajili ya mjukuu tu.

Tulianza kwa hesabu, mimi na kijana. Nusu ya paa iliyomwaga upande ule ilikuwa na eneo la mita za mraba 50. Mvua ya milimita 25 juu yake ni lita 1,250, yaani zaidi ya mapipa sita ya lita 200, na gata lote liliishia hatua mbili kutoka dirishani. Juu ya hayo, udongo uliojazwa kandokando ya msingi nyumba ilipojengwa ulikuwa umezama kwa miaka mingi, hivyo uwanja uliinamia nyumba badala ya kuikimbia. Shimo lilikuwa limepewa kazi ya bwawa.

Mkwe wangu alipiga simu kwanza kwa wanaohusika na nyaya na mabomba ya ardhini, kama sheria ya huko inavyotaka kabla ya kuchimba. Tukalitoa bati. Barafu ya miaka mingi ilikuwa imelivuta likaachana na ukuta kwa upana wa kidole, na udongo ulikuwa ukiingilia hapo. Chini tulikuta majani yaliyogeuka mboji, magari matatu ya kuchezea, na mdomo wa bomba ambao mfinyanzi ulikuwa umeukaba kabisa. Bomba hilo liliungana na mtaro uliozunguka msingi, nao humwaga kwenye shimo lenye pampu pembeni mwa chumba. Njia ilikuwapo tangu zamani. Hakuna aliyekuwa akiifagia.

Tulilizibua, tukasimamisha bomba jipya lenye matundu, tukalivika kitambaa na kulizungushia kokoto hadi inchi chache chini ya kizingiti. Bati tukalifunga kwa boliti mpya. Gata tukalirefusha futi kumi hadi kwenye majani, upande usio wa jirani. Uwanja tukauinua kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, si mchanga, maana mchanga ungeyakaribisha maji, tukiupa mteremko wa inchi sita katika futi kumi za kwanza. Nilipima kwa kamba na pimamaji, na mjukuu akaandika vipimo daftarini. Mwisho tukaweka kifuniko chepesi kinachosukumwa kwa mkono kutoka ndani, na ngazi ndogo ya chuma.

Mvua kubwa iliyofuata ilikuja baada ya siku kumi na moja, usiku. Nilishuka na tochi. Kijana alikuwa macho. Tuliketi kitandani kwake tukasikiliza pampu ikiwaka na kuzima, naye akihesabu. Asubuhi alitaka kujaribu ile njia ya moto, mama yake akashika saa. Alifungua dirisha, akapanda, akasukuma kifuniko, akasimama uwanjani kwa sekunde tisa. Ikawa zamu ya babu. Nilikwama kiunoni, nikavutwa mkono na mjukuu huku nikisukumwa mguu na mkwe wangu, jambo ambalo kwetu lisingetajwa mbele za watu. Nilitoka baada ya dakika mbili na nusu, suruali imechanika, na magotini hapakuwa na alama ya maji.